Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu "estrellero", mnajimu wa Kihispania cha kale

Neno lenyewe ni lipi, na maana yake ni nini?

Ni "estrellero". Katika Kihispania cha karne za kati lilimaanisha mtu aliyesoma nyota: aliyejua mwendo wa jua, mwezi na sayari, na aliyeulizwa mambo ya kesho kutokana na mwendo huo. Wingi wake ni "estrelleros", na kazi yake iliitwa "estrellería". Mhispania wa leo akitaka kumtaja mtu wa aina hiyo husema "astrólogo", na ukimtamkia "estrellero" huenda akakukazia macho, au akafikiri unazungumzia farasi. Habari ya farasi inakuja mbele.

Kwa Kiswahili, mtu huyu ni mnajimu.

Limeundwaje?

Kwa njia rahisi kuliko maneno mengi ya elimu. "Estrella" ni nyota. Kiambishi "-ero" humtaja mwenye kazi: "zapato" ni kiatu na "zapatero" ni mshona viatu, "pan" ni mkate na "panadero" ni mwoka mikate, "hierro" ni chuma, na "herrero" ni mhunzi. Kwa hiyo "estrellero" ni mtu wa nyota, aliyezifanya kuwa shughuli yake kama mwingine alivyoifanya ngozi au chuma.

Kinachonivutia hapa ni kwamba neno hili halikuletwa na mtu wa vitabu. Lilifinyangwa kwa malighafi iliyokuwa tayari vinywani mwa watu wa sokoni. "Astrólogo" ni neno la Kigiriki lililopitia Kilatini likaingia kwa mlango wa shule. "Estrellero" alizaliwa nyumbani.

Kiambishi "-ero" chenyewe kimetoka katika Kilatini "-arius", na kinaendelea kuzaa maneno hadi leo.

Mbona Kilatini kinasema "stella" na Kihispania "estrella"? Hiyo "r" imetoka wapi?

Kuna mabadiliko mawili. La kwanza ni "e" ya mwanzo. Wasemaji wa Kihispania hawaanzi neno kwa "s" iliyofuatwa na konsonanti, basi waliweka irabu mbele: "schola" ikawa "escuela", "stella" ikapata "e" yake. Sisi nasi tunalijua tatizo hilo la konsonanti zilizobanana, ila tunaziachanisha kwa irabu katikati au tunaongeza irabu mwishoni.

La pili ni hiyo "r". Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba neno "astro", ambalo nalo lina maana ya nyota au gimba la angani, liliivuta "stella" upande wake hadi likaiachia "r". Kireno nacho kina "estrela" yenye "r" hiyohiyo. Kiitaliano kilibaki na "stella" safi.

Tunalikuta wapi katika maandishi ya zamani?

Mahali pazuri kuliko pote, kwa maoni yangu, ni "Libro de buen amor", utenzi mrefu wa Juan Ruiz, kasisi mkuu wa Hita katika Castilla, ufalme wa katikati ya Hispania ya wakati huo. Utenzi huo umetufikia kwa namna mbili, moja ya mwaka 1330 na nyingine ya 1343. Ndani yake kuna kisa cha mfalme Alcaraz, mfalme Mwislamu, na nakisimulia hapa kwa sababu kinaonyesha kazi ya estrellero kuliko kamusi yoyote.

Mfalme huyu alipata mtoto wa kiume, mzuri wa sura, wa pekee. Akawaita wenye elimu wamtazamie nyota ya mwanawe. Kati ya "estrelleros" waliofika, watano ndio waliokuwa na maarifa yaliyotimia. Walipotazama saa aliyozaliwa mtoto, wa kwanza akasema atakufa kwa kupigwa mawe. Wa pili akasema atachomwa moto. Wa tatu, ataanguka kutoka juu. Wa nne, atanyongwa. Wa tano, atakufa maji.

Mfalme aliposikia hukumu tano zisizopatana, aliona wazi kuwa ni waongo. Akawatia gerezani, kila mmoja mahali pake.

Kijana akakua. Siku moja aliomba ruhusa ya kwenda kuwinda, akaruhusiwa. Wakachagua siku iliyotakata. Walipofika mbali, mbingu zikageuka na mvua ya mawe ikaanza kuwapiga. Mlezi wake akakumbuka maneno ya wanajimu, akamhimiza watafute mahali pa kujificha. Wakiwa juu ya daraja radi ikapiga na kulitoboa. Kijana, aliyekwisha kupigwa na mawe ya mvua na kuunguzwa na radi, akatumbukia kwenye tundu lile. Nguo zake zikanasa kwenye mti akabaki ananing'inia. Na maji ya mto yakammaliza. Mambo matano yakatimia kwa pigo moja.

Mfalme, ndani ya msiba wake, akaamuru wale "estrelleros" watolewe gerezani. Akawafanyia wema mwingi na kuwaambia waendelee na elimu yao ambayo haina shaka.

Tazama jambo moja la lugha. Katika beti chache tu za kisa hiki na maelezo yake, Juan Ruiz anatumia maneno matatu kwa watu walewale: "astrólogos" anapotaja wahenga wa elimu hiyo na kuwaambatanisha na Ptolemy, bingwa wa elimu ya nyota wa zama za kale, na mwanafalsafa Plato; "estrelleros" anaposimulia; na "estrólogos" anapotoa rai yake mwenyewe. Hilo la mwisho ni "astrólogo" lililokwisha kuguswa na ulimi wa watu. Neno la shule, neno la nyumbani na neno la katikati yote yalikuwa hai kwa wakati mmoja, na msikilizaji aliyaelewa yote bila kufafanuliwa.

Je, Juan Ruiz mwenyewe aliamini unajimu?

Aliamini, kwa mpaka. Anasema wanajimu wanasema kweli kwa upande wa maumbile, lakini Mungu aliyeumba maumbile anaweza kuyageuza. Anatoa mfano wa mfalme: ameweka sheria kwamba mkosaji wa namna fulani auawe, na sheria ni sheria, hata hivyo mfalme yuleyule ana uwezo wa kumsamehe aliyehukumiwa, na akifanya hivyo sheria haijawa uongo. Nyota zinatoa hukumu, Mungu anashika msamaha.

Msomaji aliyelelewa kwenye mijadala yetu ya kudura na majaaliwa ataitambua hoja hii mara moja. Wakristo, Waislamu na Wayahudi wa Hispania ya wakati huo wote waliihangaikia, na wote walikuwa na waliokubali nyota kwa mpaka kama huo na waliozikataa kabisa.

Baada ya hoja hiyo nzito, Juan Ruiz anaongeza kwamba anadhani yeye alizaliwa chini ya Zuhura, ndiyo maana maisha yake yote amekuwa mtumishi wa mapenzi.

Estrellero alifanya kazi gani hasa, siku kwa siku?

Alianza na saa. Mtoto akizaliwa, au mtu akija na swali, ilibidi ijulikane ni sehemu gani ya mzunguko wa buruji inayochomoza mashariki wakati huo. Usiku alitumia astrolabu kupima kimo cha nyota inayojulikana. Mchana alipima jua. Kisha alifungua majedwali yake ya hesabu na kutafuta mahali pa vile viitwavyo sayari saba: Jua, Mwezi, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali. Alizipanga katika nyumba kumi na mbili, kila nyumba na jambo lake: uhai, mali, ndugu, ndoa, safari, kifo na mengineyo. Mchoro uliopatikana uliitwa "figura", na kuutengeneza kulikuwa "alzar figura" au "levantar figura", yaani kusimamisha umbo. Sisi tunasema kupiga falaki.

Maswali aliyojibu yaligawanyika katika mafungu yanayojulikana. La kwanza ni kuzaliwa: huyu mtoto atakuwa nani. La pili ni maulizo: mtu amepotelewa na kitu, au anataka kujua kama mgonjwa wake atapona, basi mchoro unafanywa kwa saa ya swali. La tatu ni kuchagua wakati: siku gani ya kusafiri, kuweka msingi wa nyumba, kufunga ndoa, kuanza vita. La nne ni mambo ya ulimwengu: mvua, njaa, vita, vifo vya wafalme. Waganga nao walihitaji elimu hii, kwa kuwa kumtoa mgonjwa damu na kumnywesha dawa kulifuata mwezi ulipo.

Hesabu yake haikuwa ya kubahatisha. Estrellero asiyejua kugawanya na kuzidisha kwa sehemu za sitini, kama digrii inavyogawanywa katika dakika sitini, hakuweza hata kuanza.

Basi alikuwa mwanafalaki au mnajimu?

Wote wawili. Kwa karne nyingi "astronomía" na "astrología" yalitumika kwa kubadilishana. Isidore wa Sevilla, aliyefariki mwaka 636, alijaribu kuweka mstari: sehemu moja ya elimu ya nyota ni ya maumbile, nayo inafuata mwendo wa jua, mwezi na majira, sehemu nyingine ni ya ushirikina, pale watu wanapotabiri na kugawa viungo vya mwili kwa buruji. Lakini mstari wake ulipita ndani ya mtu mmoja. Aliyekokotoa kupatwa kwa mwezi asubuhi ndiye aliyeulizwa jioni kama binti wa mtu ataolewa.

Ndiyo sababu kumwita estrellero "mpiga ramli" ni kumkosea. Mpiga ramli anasoma alama za mchanga. Huyu alisoma mbingu, na bila yeye kalenda, saa na baadaye usafiri wa baharini visingekwenda.

Elimu yao ilitoka wapi?

Hapa ndipo ninapopenda kukaa.

Sehemu kubwa ilitoka katika vitabu vya Kiarabu, na mji uliovifungua ni Toledo. Mji huo ulikuwa chini ya Waislamu hadi mwaka 1085 ulipotwaliwa na mfalme Alfonso wa Sita. Tangu karne ya kumi na mbili wasomi kutoka pande nyingi za Ulaya walifika kutafsiri kwa Kilatini. Kisha akaja Alfonso wa Kumi, aliyetawala Castilla kuanzia 1252 hadi 1284, naye akafanya jambo lisilokuwa la kawaida: akataka vitabu hivyo viandikwe kwa lugha ya watu wake, Kikastilia, ambacho ndicho Kihispania chenyewe, na si kwa Kilatini tu.

Kimoja cha mwanzo kilianza kutafsiriwa mwaka 1254. Ni kitabu kikubwa cha hukumu za nyota cha Ali ibn Abi al-Rijal, mnajimu wa karne ya kumi na moja aliyekuwa kwenye baraza la watawala wa Qayrawan, katika Tunisia ya leo. Mfasiri alikuwa Yehuda ben Moshe, msomi wa Kiyahudi. Kwa Kikastilia kiliitwa "Libro conplido en los iudizios de las estrellas", yaani kitabu kilichotimia cha hukumu za nyota, chenye sehemu nane zinazopita kwenye mafungu yale niliyoyataja: maulizo, kuzaliwa, mizunguko ya miaka, kuchagua wakati, mambo ya ulimwengu.

Tazama safari hiyo. Mwislamu wa Afrika Kaskazini anaandika kwa Kiarabu. Myahudi wa Toledo anakileta katika lugha ya nyumbani. Mfalme Mkristo analipa gharama. Kutoka Kikastilia kikatafsiriwa tena kwa Kilatini, na wanajimu wa Ulaya wakakisoma kwa mamia ya miaka.

Yehuda huyohuyo, pamoja na Isaac ben Sid, alitengeneza majedwali yaliyopewa jina la mfalme, majedwali ya Alfonso. Mwanzo wake wa hesabu ni mwaka 1252, mwaka mfalme alipoketi. Wanafalaki wa Ulaya waliyatumia hadi karne ya kumi na sita, na Copernicus mwenyewe alikuwa na nakala.

Toledo ilikuwa pia mji wa al-Zarqali, fundi na mwanafalaki wa karne ya kumi na moja, ambaye Wahispania walimwita Azarquiel. Aliunda aina ya astrolabu iliyofanya kazi katika kila latitudo. Wahispania waliiita "azafea".

Je, "estrellero" ni tafsiri ya neno la Kiarabu?

Swali hili huulizwa sana, na linaeleweka. Kiarabu kinasema "munajjim", kutokana na "najm", nyota. Kiswahili kikachukua na kusema mnajimu. Kihispania kinasema "estrellero", kutokana na "estrella". Mifupa ni ileile: nyota, na mtu wa nyota.

Lakini kufanana hakutoshi. Kihispania kilikuwa na "-ero" yake kutoka Kilatini na kilikuwa na "estrella" yake. Hakikuhitaji mwalimu wa kukifundisha kuviunganisha. Ninachoweza kusema ni kwamba wafasiri wa Toledo walikuwa na "munajjim" mbele ya macho yao katika vitabu vya Kiarabu, na lugha yao ilikuwa na neno la kumpokea.

Yaliyotoka katika Kiarabu moja kwa moja ni mengine, na yako wazi: "cenit", sehemu ya mbingu iliyo juu kabisa ya kichwa, "nadir", upande ulio kinyume chake, "acimut", mwelekeo wa nyota unaopimwa kwa kuzunguka upeo wa macho, "auge", lililokuwa neno la wanafalaki kwa mahali sayari inapokuwa mbali zaidi na leo ni neno la kawaida kwa kilele cha ustawi, "alidada", ile fimbo ya kupimia iliyoko kwenye astrolabu, "almanaque", almanaka, na majina ya nyota kama Aldebarán.

Sheria iliwachukuliaje?

Sheria kuu ya Alfonso wa Kumi, "Siete Partidas", yaani sehemu saba, ina mlango inayozungumzia waaguzi katika Partida ya saba. Inagawa uaguzi mara mbili. Wa kwanza ni ule wa elimu ya nyota, ambayo ni moja ya sanaa saba huru, yaani masomo saba ya msingi ya shule za wakati huo. Huo haukatazwi kwa walioisoma kweli, kwa kuwa hukumu zake zinatokana na mwendo wa asili wa sayari na zimechukuliwa katika vitabu vya Ptolemy na wenye hekima wengine. Wasioisoma wasiiguse. Uaguzi wa pili ni wa kusoma ndege, chafya, maneno ya kushtukiza, kura, maji, kioo, upanga na kadhalika. Huo umekatazwa, na adhabu ni kali.

Kwa hiyo, machoni pa sheria hiyo, estrellero aliyesoma alikuwa upande wa daktari na mwanasheria, na mpiga kura alikuwa upande wa mhalifu.

Mambo yalibadilika baadaye. Mwaka 1586 Papa Sixtus wa Tano alitoa waraka wa kupiga marufuku unajimu wa kutabiri maisha ya watu. Ule wa kilimo, uganga na usafiri wa baharini uliachwa.

Je, alikuwa na majina mengine?

Mengi. "Astrólogo judiciario", au "judiciario" peke yake, ni mnajimu wa kutoa hukumu. Ndiye hasa aliyelengwa na makatazo. "Matemático" nalo, kwa kufuata Kilatini, liliweza kumaanisha mnajimu, na sheria za Roma za kale ziliwaweka "mathematici" kapu moja na wachawi. "Zahorí" ni mtu mwingine kidogo: aliaminiwa kuona vilivyofichika ardhini, maji au hazina. Jina lake ni la Kiarabu, nalo lina uhusiano na Zuhura, sayari tunayoiita hivyo hata sisi.

Halafu kuna "piscator", jina lililotoka kwenye almanaka maarufu ya Milano na kuwa jina la vitabu vya utabiri wa mwaka nchini Hispania katika karne ya kumi na nane. Aliyelipatia umaarufu ni Diego de Torres Villarroel wa Salamanca, aliyejiita "Gran Piscator de Salamanca". Almanaka yake ya 1724 ilihesabiwa kuwa ilitabiri kifo cha mfalme kijana Luis wa Kwanza, ambaye kweli alifariki mwaka huo baada ya miezi michache tu ya kutawala. Mwaka 1726 Torres alipata kiti cha hisabati katika Chuo Kikuu cha Salamanca.

Unajimu ulifundishwa chuo kikuu?

Naam. Salamanca ilikuwa na kiti cha unajimu tangu karne ya kumi na tano. Dari ya maktaba yake ya zamani ilichorwa buruji, sayari na makundi ya nyota, kazi inayohusishwa na mchoraji Fernando Gallego. Sehemu iliyobaki huitwa "El Cielo de Salamanca", mbingu ya Salamanca, na mgeni wa mji anaweza kuingia kuitazama hadi leo.

Na farasi je?

Farasi au nyumbu "estrellero" ni yule anayeinua kichwa kupita kiasi, hata mpanda farasi akapata shida kumwongoza kwa lijamu. Yaani mnyama anayetazama nyota badala ya njia. Maana hii imedumu katika kamusi za Kihispania muda mrefu kuliko ile ya mnajimu, na wafuga farasi ndio walioliokoa neno.

Kwa nini neno lilikufa?

Kwa sababu "astrólogo" lilikuwa na heshima zaidi. Kuanzia karne ya kumi na tano waandishi wa Castilla walipenda kurejea Kilatini, wakabadilisha maneno mengi ya nyumbani kwa yale yenye sura ya kitabuni. Mtu wa chuo hakutaka kuitwa kwa kiambishi kimoja na mshona viatu.

Elimu yenyewe nayo ilishuka kutoka barazani hadi mitaani. Katika sehemu ya pili ya riwaya ya "Don Quijote", ya mwaka 1615, Cervantes anamfanya shujaa wake alalamike kwamba siku hizi Hispania nzima inasimamisha "figura": hakuna mwanamke wa mtaani, wala mtumishi mdogo, wala fundi wa viatu vikuukuu asiyejidai kuijua kazi hiyo. Katika sehemu ya kwanza, ya 1605, kuna mchunga mbuzi aitwaye Pedro anayemsifu marehemu mmoja msomi kwa kujua habari za jua na mwezi na mwaka utakuwa wa shibe au wa njaa. Anayakosea maneno, na Don Quijote anamsahihisha: elimu hiyo huitwa "astrología". Pedro anamjibu kwamba hajui inaitwaje, ila marehemu aliyajua yote hayo na zaidi. Mimi niko na Pedro.

Kuna mabaki gani katika Kihispania cha leo?

Zaidi ya watu wanavyodhani. "Desastre", maafa, lina "astro" ndani yake: ni jambo lililotoka chini ya nyota mbaya. "Astroso" lilikuwa mtu mwenye nyota mbaya; leo ni mchafu aliyevaa matambara. "Sino", majaaliwa, ni Kilatini "signum", alama, ikiwa na maana ya alama ya buruji. "Jovial", mchangamfu, ni mtu wa Mushtari.

Kuna pia msemo: "unos nacen con estrella y otros nacen estrellados". Wengine huzaliwa na nyota, tungesema nyota ya jaha, na wengine huzaliwa wamepondeka, kwa sababu "estrellar" ni kubamiza kitu hadi kisambaratike. Ndege ikianguka, Mhispania husema "se estrelló". Mayai ya kukaanga yaliyopasuliwa nayo ni "huevos estrellados".

Siku za juma bado ziko mikononi mwa sayari: "lunes" ya mwezi, "martes" ya Mirihi, "miércoles" ya Utaridi, "jueves" ya Mushtari, "viernes" ya Zuhura. Na kwa kuwa Mirihi ni sayari ya vita, watu husema "en martes, ni te cases ni te embarques": Jumanne usioe wala usipande chombo.

Kuna uhusiano wowote na pwani yetu?

Upo, na unapita kwa mtu mmoja. Abraham Zacuto alizaliwa Salamanca mwaka 1452. Alikuwa Myahudi, mnajimu na mwanafalaki kwa pamoja, na aliandika majedwali yake makubwa kwa Kiebrania. Wayahudi walipofukuzwa Hispania mwaka 1492, alikimbilia Ureno na kuhudumia wafalme João wa Pili na Manuel wa Kwanza. Mwaka 1496 majedwali yake yalichapwa Leiria kwa jina la "Almanach Perpetuum". Humo baharia aliweza kupata mahali pa jua kwa kila siku ya mwaka, na kutokana na hapo kujua yuko umbali gani kutoka ikweta, hata kusini ambako nyota ya kaskazini haionekani.

Mwaka uliofuata Vasco da Gama aling'oa nanga Lisbon. Aprili 1498 merikebu zake zilikuwa Mombasa, kisha Malindi, ambako alipewa rubani wa kumvusha bahari hadi Calicut. Hesabu za mtu wa Salamanca na maarifa ya mabaharia wa Bahari ya Hindi, ambao nao walishika njia kwa nyota zenye majina ya Kiarabu, zilikutana kwenye bandari yetu. Zacuto mwenyewe hakunufaika: Ureno nayo ililazimisha Wayahudi kubatizwa, akalazimika kukimbia tena.

Uhusiano wa pili ni wa msamiati. Shina moja la Kiarabu lililochipua Toledo limechipua pia huku. Tunasema falaki, buruji, sayari. Tunazo Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akarabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Elimu ya kutazama mbingu haikuletwa yote kutoka nje, hata hivyo. Kilimia, lile kundi dogo la nyota, lina jina lililotokana na kulima, na wazee husema "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua; kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua". Juan Ruiz angeuelewa msemo huo, na mchunga mbuzi Pedro angeuelewa upesi zaidi.

Nikitafsiri kitabu cha Kihispania cha kale, niandike nini?

Andika mnajimu. Kwa msomaji wa leo neno hili huleta picha ya ukurasa wa nyota gazetini, au ya marehemu Sheikh Yahya Hussein na utabiri wake wa kila mwaka, na baadhi ya wafasiri huliogopa kwa sababu hiyo. Wasiliogope. Asili yake ni nyota, linambeba mpiga hesabu na mtabiri kwa pamoja, na halina dharau ndani yake.

Mwandishi wa kale akitumia "astrólogo" na "estrellero" katika ukurasa mmoja, kama afanyavyo Juan Ruiz, "mwanafalaki" litakupoteza kwa la kwanza, maana leo limejitenga na utabiri. Afadhali "bingwa wa elimu ya nujumu" kwa "astrólogo", anapotajwa pamoja na Ptolemy, na "mnajimu" kwa "estrellero", anapoingia kwa mfalme. "Estrólogo" linahitaji sikio lako mwenyewe: katika tenzi ningelijaribu "mnujumu", nione kama mizani inakubali.